Dakika Tatu za Msusi

Kihisi joto cha pili kiliungua Jumanne, na mayai ya jirani yangu wa Gatina yalikuwa yamebakisha siku sita kuanguliwa. Mashine ya kutotolea nilimtengenezea mimi. Bila kihisi, ingeyapika mayai au kuyaacha yapoe. Nilikuwa nimeweka fyuzi, na diodi ya kuzuia volti zikizidi. Hata hivyo, stima iliporudi baada ya kupotea, kihisi kilikufa kabla fyuzi haijakatika.

Nilienda kituo cha Kawangware 56 kununua cha tatu. Nikiwa dukani, stima ikapotea. Katika saluni iliyo mkabala, msusi alichomoa draya zake zote, akaacha balbu moja tu. Stima iliporudi, hakugusa kitu. Aliitazama balbu ikiwaka kwa nguvu, ikafifia, ikawaka tena.

"Si uchomeke, mathe, nimechelewa!" mteja alilalamika, nywele zake zikidondosha maji.

"Tulia, mrembo. Stima ikirudi huja na hasira. Draya ni yangu, haraka ni yako."

Balbu ilipokaa kama dakika tatu bila kucheza, ndipo akachomeka.

Miaka yote niliyojisomea elektroniki, nilitafuta vifaa vya kuhimili ule mshtuko wa stima inaporudi. Sikuwahi kuwaza kuungoja upite. Jioni hiyo niliongeza rilei ya kuchelewesha, ambayo haiunganishi kihisi mpaka umeme utulie dakika tatu.

Stima ilipotea mara mbili wiki hiyo, na kihisi kikabaki kizima. Vifaranga walipotoka, nilirudi saluni kumshukuru msusi na kumweleza jinsi balbu yake ilivyookoa mayai ya Gatina. Alicheka.

"Kumbe balbu yangu imeandikwa kazi Gatina?"