Lifti na Ngazi ya Dungu

Wiki iliyopita nilipanda basi kutoka Ruangwa, ninakofundisha, kwenda kusalimia nyumbani Naipingo. Tulipoiacha Nachingwea mjini, harufu ya mabibo yaliyoiva mikoroshoni ikaingia dirishani, tamu na kali, nikajikuta natabasamu peke yangu.

Kama umekulia huku, unaujua msimu wa kulinda mahindi. Baba alijenga dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa katikati ya shamba, na kila nikitoka shule nilikwea kumfuata bibi tufukuze ngedere kwa kupiga debe bovu. Chini ilifuka mihogo ya kuchoma. Kiswahili cha bibi kilijaa Kimwera, lakini neno moja alilitamka sawasawa. Nikisema, "Bibi, nguruwe waliingia," yeye huuliza, "Umejuaje?" Hapo nieleze: udongo umefukuliwa, mabua yamelala chini, ngedere angechuma na kukimbia. Nikikosea alicheka mpaka machozi, na muhogo nilipewa vilevile.

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Nilikuwa darasa la nne, nakaa dawati la nyuma pamoja na wale walioitwa wagumu, karibu sote watoto wa nyumba zisizo na taa wala kitabu. Mbele alikaa binti wa muuguzi wa zahanati, aliyehamia kutoka Dar es Salaam. Yeye alijibu kila kitu.

Siku moja mwalimu wa hisabati alinisimamisha. "Mtu yuko ghorofa ya saba. Lifti ikamshusha ghorofa nne, ikampandisha mbili. Yuko ya ngapi?"

Nikajiuliza: lifti ni nini? Ina miguu? Inambeba mgongoni?

"Huyu atakariri darasa," mwalimu alisema, na hakuwa akitania. Nilifikiria wadogo zangu watakavyonikuta darasa moja.

Ndipo binti wa muuguzi akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu. Mimi lifti nimeipanda. Yeye ataijuaje, na hapa hakuna hata ghorofa?"

Tulidhani atachapwa. Mwalimu alitazama nje dirishani, akajikuna kidevu, akanigeukia. "Haya. Uko kwenye ngazi ya dungu, kipandio cha saba. Umeshuka vinne, umepanda viwili. Uko wapi?"

"Cha tano, mwalimu!"

"Umejuaje?"

Basi nikacheka! Nilieleza kwa mikono na miguu, nikishuka na kupanda ngazi isiyokuwepo, na dawati letu la nyuma likapiga makofi. Mwalimu akamgeukia binti wa muuguzi, naye, kwa mara ya kwanza tangu afike, akauliza kwa aibu, "Mwalimu, dungu ndiyo nini?" Darasa zima lilivunjika mbavu, na yeye mwenyewe akacheka kuliko wote.

Jumamosi nilimpeleka dunguni. Alikwea akikumbatia kila kipandio, akala muhogo na majivu yake, akapiga debe mpaka ngedere na kuku wa jirani wakakimbia pamoja. Bibi akamwonyesha nyayo mchangani, akambana kwa maswali yaleyale, na kufikia jioni rafiki yangu alikuwa anabishana naye kama mjukuu wa kuzaliwa. Naye akaniazima vitabu vyake vya hadithi, vyenye picha za treni na meli, nikavisoma mchana juu ya dungu. Mwalimu hakutaja tena habari ya mimi kukariri darasa. Maswali yake yakajaa korosho, mbuzi na madebe ya ufuta, na lifti akatuchorea ubaoni. Mwaka ule dawati letu lote lilivuka darasa.

Juzi nilisimama pale shambani. Sasa ni mikorosho mitupu kwa mistari, hakuna anayelinda mahindi, na watoto jioni wanainamia simu. Bibi alishatutoka. Mwalimu alihama, sijui aliko. Nikampigia rafiki yangu, yuko Dar es Salaam. Nikamwambia nimesimama wapi.

"Usiondoke kwanza," akasema. "Nieleze panaonekanaje."

Nikakaa chini ya kivuli, nikaanza kumweleza.