Siku Aliyoulizwa Shangazi Mwanatumu

Harufu ya mbata, nyama ya nazi inayokauka juu ya moshi, haipendezi, wala sitaki kuipamba. Inanuka mafuta yaliyochacha, inaingia kwenye kanga, kwenye nywele, mpaka kwenye chai. Nyumbani kwetu, nyuma ya Msambweni, katika miaka ya hamsini, hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya shangazi yangu Mwanatumu, dada wa baba, aliyekausha mbata na kushona makuti tangu asubuhi hadi magharibi. Hakusikia tangu kuzaliwa. Watu walimwita bubu mbele yake bila haya, maadamu hasikii. Mimi nilikuwa na miaka tisa na maneno mengi, na katika nyumba nzima ni mimi niliyezungumza naye kwa mikono kutwa kucha. Tulimsengenya kila mtu. Jirani aliyezoea kuazima chumvi tulimtaja kwa kulamba kidole, na baba, Mungu amrehemu, kwa kukunja uso.

Baada ya Idi alikuja mtu wa Kikoneni kumposa. Alikuwa amefiwa na mkewe, ana shamba la michungwa, mpole, na kila alipokuja aliniletea machungwa na kunijulia hali kama mtu mzima. Nilimpenda mno. Babu alikuwa ameshafariki, hivyo walii wa shangazi, mwenye kumwoza, alikuwa baba, naye akakubali siku ile ile. Bibi alishukuru mpaka akatokwa na machozi, kwani hofu yake ilikuwa moja tu: akifa yeye, nani atamtazama Mwanatumu? Shangazi akatiwa hina, akashonewa nguo, akacheka wanawake walipomtania. Basi nikajua amefurahi, au nilidhani nimejua.

Siku ya nikahi mwalimu wa chuo cha Kurani, ndiye wa kufungisha ndoa, alikuja na mashahidi wawili mpaka mlangoni pa chumba. Kwetu bibi arusi huulizwa mara tatu kutoka nyuma ya pazia, na mwanamwali akinyamaza kwa haya, kunyamaza kwake ndiyo ridhaa. Mwalimu alikuwa mgeni, ametoka Vanga juzi tu, na hakuna aliyekumbuka kumweleza hali ya shangazi. Akauliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndani kimya. Wanawake wakapiga vigelegele. Shangazi akanigeukia, akaniuliza kwa vidole mbona wote wamefungua vinywa. Nami, kwa ule mdomo wangu usio na breki, nikapaza sauti kwamba shangazi anauliza kuna nini.

Vigelegele vikakatika. Mwalimu akataka kujua maana yake, na baba akamweleza kwamba dada yake hasikii, lakini hilo halina neno, maadamu amenyamaza.

“Huyu hakunyamaza,” mwalimu akasema. “Huyu hakuulizwa.”

Akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba sheria inamlinda asiyesema: ishara yake ikifahamika ndiyo kauli yake, na hakuna wa kumsemea, awe kaka au mama. Kisha akaniita, akaniambia nimuulize kama ninavyozungumza naye kila siku. Nikamwonyesha ndevu za yule bwana, nikaonyesha njia ya Kikoneni, nikajifunika kanga kama bibi arusi. Shangazi aliifuata mikono yangu mpaka mwisho. Akafuta kiganja kimoja kwa kingine, akatikisa kichwa. Kila mtu chumbani aliona, lakini wote walinigeukia mimi, eti niseme.

“Amekataa, mwalimu.”

Mwalimu akafunga kitabu, akaondoka bila kuonja pilau. Baba alidai nimemfundisha. Bibi alikaa chini akalia kama msibani, na mtu wa Kikoneni akapita uani kichwa kimeinama, asinitazame. Nilimwonea huruma nikakaribia kumfuata. Nikatazamia angalau shangazi atafurahi, lakini naye alilia siku mbili. Nilipomuuliza kwa nini alikataa, na kama amekataa kwa nini analia, alinionyesha ndoo, nikateke maji. Hakuolewa kamwe. Aliishi kwangu mpaka akafa, na nilimuuliza tena na tena, na kila mara ilikuwa ndoo au kuni. Hata sasa sijui kama siku ile tulimwokoa au tulimharibia, na nikisema najua nitakuwa mwongo.

Leo haki za watu wenye ulemavu zimeandikwa katika Katiba na katika sheria yao maalumu, na lugha ya ishara inatambuliwa. Mjukuu wangu Saumu, ambaye naye hasikii, amesoma, ana cheti cha ushonaji, na neno bubu halitamkwi nyumbani kwangu. Majuzi nilimsindikiza kwenye ofisi moja ya kutafutia watu kazi, na haki zote hizo zilikuwa zimebandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Karani alimtazama Saumu, akanigeukia mimi, akauliza, “Huyu anataka nini, bibi?” Nikamjibu. Nilimjibu vizuri sana, kirefu, kwa Kiswahili changu safi: anataka kazi ya kushona hapa hapa karibu, asiende mbali na nyumbani. Karani akaandika, akapiga mhuri, tukaagana kwa heshima. Tulipofika barabarani Saumu akanisimamisha, akaniuliza kwa mikono nimemwambia yule mtu kwamba yeye anataka nini.