Mkata Tiketi Afundishwa Njia ya Bustani ya Wanyama

Haya, niambieni ninyi wenye roho nyeupe: mtu amekata tiketi kwenye lango la bustani ya wanyama miaka ishirini na sita, kisha anaketishwa kwenye kochi lake mwenyewe afundishwe njia ya kwenda huko! Mkata Tiketi alijikaza kisabuni, lakini wivu ulimchoma kama pilipili.

Aliyekuwa akifundisha ni mkwe mwenziwe, bibi mzaa mama, mwalimu mstaafu wa jiografia. Alitandaza karatasi mezani, ameshapanga kila kitu: gari litoke alfajiri, wapumzike mara mbili maana kutoka hapa alipohamia Mkata Tiketi baada ya kustaafu njia ni ya saa sita, na yeye akae nyuma na mjukuu amsimulie habari za bustani ile kongwe, iliyojengwa zaidi ya miaka mia iliyopita. Na mjukuu mwenyewe, binti wa miaka saba ambaye bibi hawa wawili hawana mwingine, alikuwa amemlalia Mwalimu pajani, anamsikiliza mdomo wazi.

"Na mimi nakaa wapi?" akauliza Mkata Tiketi.

"Mbele, mkwe wangu, pembeni ya dereva. Miguu yako isije ikavimba."

"Miguu yangu imekushtakia?"

Mwanawe, ambaye ndiye dereva, alikohoa na kutazama dirishani.

"Mjukuu wangu," Mkata Tiketi akasema, "lango lile nimelifungua mimi kila asubuhi. Muulize anayejua."

Mtoto akaruka na penseli. "Bibi, nichoree!"

Loh, roho ilimburudika! Akachora lango la chuma, kidirisha chake chenye nondo, vyuma vya kupangia foleni, bomba la maji. Halafu penseli ikasita.

"Simba wako wapi?"

"Huku kushoto," akasema bila kupepesa macho.

"Na twiga?"

Twiga akamsimamisha nyuma ya simba, mahali penye nafasi.

Mwalimu akavaa miwani. "Mkwe wangu, simba wako kulia. Nimepeleka wanafunzi pale mara tatu."

"Walihamishwa!"

"Mama," mwanawe akaingilia, "jumba la simba ni la mawe, limetuzidi umri sisi sote. Lingehamishwaje?"

Ameshikwa pabaya. Angeweza kubisha, na kwa kubisha hana mpinzani. Lakini mtoto alikuwa anamtazama yeye, kisha karatasi, kisha yeye tena, na kumdanganya kukamshinda.

"Sijawahi kuingia ndani," akasema.

"Miaka yote ile?" Mwalimu akashangaa.

"Kidirisha hakiachwi peke yake lango likiwa wazi. Likifungwa, wanyama nao wameshafungiwa. Siku yangu ya mapumziko nafua sare za shule za huyu." Akamnyooshea mwanawe kidole. "Simba nilikuwa namsikia tu mgongoni. Watu wanaingia na wajukuu wao, wamewashika mikono, mimi nawaonea kijicho mpaka nachana tiketi vibaya."

Mwalimu alikuwa ameshaanza kutengeneza uso wa huruma, ule wa kumfariji mwanafunzi aliyefeli, mtoto alipopiga makofi.

"Kumbe hujawaona hata wewe! Basi tutawaona pamoja kwa mara ya kwanza, mimi na wewe! Wewe ukae nyuma na mimi. Bibi Mwalimu ameshawaona mara tatu, yeye akae mbele."

Mwalimu alikunja karatasi yake, akaikunja tena na tena, hata ikawa kama kiberiti. Alisema sawa, hakuna neno, mbele kuna hewa. Lakini uso ulimsaliti, na Mkata Tiketi uso ule aliujua vizuri, maana ndio aliokuwa nao kidirishani miaka yote. Alipaswa kumhurumia mwenzake. Wapi! Hakumhurumia hata chembe.