Mwendo wa Kazimili

Siku ya mnada wa Nyakahura, Ildefonce hakuonekana kwenye ng'ombe wala kwenye pombe. Alikuwa njiani, nyuma ya mtu asiyemjua, akimfuata hatua kwa hatua. Mimi niliyeigiza naye miaka mingi nilimwambia ipo siku atapigwa fimbo.

"Scholastika," akanijibu, "maneno hufundishwa. Mwendo huazimwa."

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," nikamwambia. Akacheka, akaendelea na mtu wake.

Alizaliwa Bugarama, huko Ngara, akaja kwetu Biharamulo wakati watu wanahamishiwa vijijini. Kikundi chetu cha ngoma na maigizo kilizunguka kueleza Ujamaa, ingawa wengi walikuja kumtazama yeye. Alikuwa kabaila mwenye kitambi cha matambara, alikuwa mganga, karani, bibi kizee mwenye kikohozi. Katika mchezo mmoja aliigiza peke yake mume na mke wanaogombana, na mimi niliyejiandaa kuwa mke nikabaki nyuma ya pazia na ngoma yangu. Niliudhika, lakini nilicheka mpaka machozi.

Mwaka 1976 walikuja watu wa filamu kutoka Dar es Salaam, kutengeneza filamu ya kilimo bora. Ildefonce akapewa watu watatu: bwana shamba, mwenyekiti wa kijiji na mkulima mvivu. Wawili wa kwanza alikuwa nao tayari. Mvivu alimpata mnadani. Ni Kazimili, kijana wa Kisukuma ambaye mama yake, Kwandu, alihamia kwetu na ng'ombe kutoka Shinyanga. Kazimili hakuwa mvivu hata kidogo. Ila mguu wake wa kushoto ulirushwa nje kila hatua, na kichwa kiliinamia bega, kama mtu anayesikiliza jirani akimwita. Ildefonce aliuchukua mwendo ule wote.

Gari la sinema lilipoleta filamu, kitambaa cheupe kilifungwa kwenye nguzo za goli, uwanja wa shule. Mvivu akapita na jembe begani. Uwanja mzima ukapiga kelele, "Kazimili! Kazimili!" Tangu siku hiyo hata watoto walimwita Mvivu. Mwenyewe alicheka tu, akaendelea kulima. Lakini vita ilipoanza na mgambo wakaitwa, alikuwa wa kwanza kujiandikisha.

"Mayu," alimwambia mama yake, "nikirudi hawataniita hivyo tena."

Hakurudi. Nyanda, aliyekwenda naye, ndiye aliyeleta habari kwamba wamemzika ng'ambo ya mpaka, mahali ambapo asingeweza kupaonyesha. Kwandu akaweka matanga bila kaburi.

Mwaka uliofuata gari la sinema likarudi na filamu ile ile. Mvivu alipotokea, watu walianza kucheka kwa mazoea, kisha kicheko kikakatika. Alipofika ukingoni mwa kitambaa na kutoweka, Kwandu aliinuka, akazunguka nyuma ya goli kumtazama alikokwenda. Tulimsikia akimwita kule gizani. Mpaka leo nikisikia mama anaita mtoto jioni, nageuka kutazama.

Asubuhi Ildefonce alimwendea. "Shikamoo, mayu."

Hakuitikia. Akamwamkia kisimani, njiani, mnadani. Kwandu alimpita kama anayepita mti. Kwetu, mzee asipoitikia shikamoo yako, umeshahukumiwa. Ildefonce akakonda kwa kutafuta marahaba moja tu.

Na hapo ndipo kazi yake ilipoharibika. Tulikuwa Murukulazo, katikati ya mchezo, kabaila wake akitembea kwa maringo, mara mguu wa kushoto ukaruka nje. Watazamaji hawakujua. Mimi nilijua, naye alijua kwamba nimejua. Baadaye akawa anakwenda kisimani hivyo, shambani hivyo.

"Nautafuta mwendo wangu mwenyewe," aliniambia. "Siukumbuki."

Akaacha kuigiza. Nilimkasirikia, maana kikundi bila yeye kilikuwa ugali bila mboga. Tena nilimwogopa, sikupenda kutembea mbele yake.

Alimsihi Modestus, mwendesha sinema, akikate kile kipande. Modestus akakataa, akasema filamu ni mali ya serikali. Basi kila gari lilipokuja, Mvivu akikaribia kutokea, Ildefonce aliinuka akasimama kwenye mwanga na kupanua mikono, Kazimili akapita juu ya shati lake badala ya kitambaa. Watu walimtukana, "Toka mbele, wewe!" Hakutoka mpaka kipande kiishe.

Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1981. Kwandu hakuwa amekanyaga uwanja ule tangu siku aliyozunguka nyuma ya goli. Jioni hiyo alikuja na kigoda chake, akaketi mbele kabisa. Hata hivyo kipande kilipokaribia aliinuka, akapanua mikono. Watu wakaguna. Ndipo tukasikia sauti ya yule mama.

"Kaa chini, baba. Mwache apite."

Ildefonce akakaa palepale, kwenye vumbi. Kazimili akapita na jembe lake, mguu ukirushwa, kichwa begani. Hakuna aliyecheka ila Kwandu. Alicheka kidogo, kiganja mdomoni, akaendelea kutazama ukingo wa kitambaa hata baada ya bwana shamba kuanza kueleza habari za mbolea.

Filamu ilipokwisha mimi na Kwandu tulishika njia moja. Ildefonce alibaki nyuma yetu, akijikaza kuunyoosha mguu wake. Tulipokaribia kwa Kwandu akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, mayu."

Kwandu akasimama, akampisha njia.

"Marahaba," akasema. "Tangulia mbele. Na huo mguu usiukaze, uache uende."

Akatangulia. Kwandu akamfuata nyuma, hatua kwa hatua, mpaka mlangoni kwake mwenyewe.