Kura Yangu ya Njia ya Ng'ombe

Katika darasa la nane tulikuwa wanafunzi ishirini na watano, na wasichana tulikuwa wawili tu. Shule yetu ilikuwa ukingoni mwa Mto Tana, kati ya Ngao na Garsen. Mimi nilitoka ng'ambo ya pili, kwa hiyo kila asubuhi nilimwita mwenye mtumbwi kwa sauti ya kukata maji. Sauti hiyo ndiyo iliyonipa cheo.

Mwaka ule tuliletewa mwalimu kijana kutoka milima ya Taita atufundishe Uraia. Kitabu chake kilieleza habari za bunge la Uingereza, wabunge wake wakikaa pande mbili wakitazamana. Mwalimu alikisoma kwa siku tatu, tukasinzia kwa siku tatu. Siku ya nne alikifunga.

"Serikali ni nini?" akauliza.

"Ni Bwana Disii, mkuu wa wilaya," akajibu mmoja.

"Na Disii akienda likizo, serikali imekwenda likizo?"

Tulicheka. Mwalimu akasema basi tutaunda baraza letu wenyewe, tutunge sheria, tuone serikali inavyofanya kazi. Madawati yakasogezwa pande mbili. Wavulana walianza kugombania kiti cha Spika, na mwalimu akawakatiza.

"Spika ni huyu binti," akasema, akinionyesha kidole. "Akisema nyamazeni, hata viboko wa mtoni watanyamaza."

Hoja ya kwanza haikutafutwa mbali. Wiki hiyo ng'ombe walikuwa wameingia katika bustani ya shule wakala mahindi mistari minne. Ng'ombe wenyewe walikuwa wa Waorma, wafugaji waliopiga kambi nyuma ya shule, na bustani ilipakana na malka, ile njia ya mifugo kushuka mtoni kunywa maji. Mvulana mmoja, mtoto wa mkulima kama mimi, akatoa hoja kwamba malka ifungwe kwa miiba na mwenye ng'ombe atozwe faini. Nusu ya darasa ilipiga meza.

Aliyesimama kujibu alikuwa mvulana wa Kiorma, mrefu, mpole, ambaye kwa miaka miwili sikuwa nimemsikia akisema zaidi ya "Ndiyo, Mwalimu." Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini siku hiyo alikiokota chote.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "mimi nauliza bustani. Wewe bustani, mwaka jana ulikuwa wapi?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

"Mwaka jana ua ulikuwa pale penye mkwaju. Mwaka huu uko hapa. Ua umetembea. Ng'ombe hakutembea, ng'ombe amepita njia ya babu yake. Sasa nani ameingia kwa nani?"

Nikachungulia dirishani. Mkwaju ulikuwa pale, na ua ulikuwa umesogea mbali nao, hatua thelathini hivi. Sisi wenyewe ndio tuliousogeza, tukiimba, siku za kupanda. Hakuna aliyekumbuka kwamba tulikuwa tukilima njia ya mtu.

Tulibishana siku mbili. Siku ya kura mwalimu aliweka kibuyu ndani ya ghala la majembe. Kila mmoja aliingia peke yake: punje ya hindi kwa anayetaka malka ifungwe, kunde kwa anayetaka iachwe wazi. Mwalimu akakimimina mezani mbele yetu sote. Mahindi kumi na mawili. Kunde kumi na mbili.

"Spika," akasema mwalimu, naye alikuwa akijitahidi asitabasamu, "kura zikilingana, wewe ndiwe unayeamua. Tena si kwa kujificha. Kwa mdomo."

Shamba la baba yangu lilikuwa upande ule ule wa shule, chini kidogo ya bustani. Nilijua angesema nini, na wenzangu wakulima walinitazama kama mtu anayesubiri chenji yake. Lakini ule mkwaju nilikuwa nimeuona kwa macho yangu.

"Malka ibaki wazi," nikasema. "Ua urudi ulipokuwa."

Habari hiyo ilivuka mto kabla yangu. Nilimkuta baba akinoa panga kibarazani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nasikia umewapa ng'ombe shamba."

"Sikuwapa, Baba. Njia ilikuwa yao. Sisi ndio tuliosogeza ua."

"Umehakikisha?"

"Mkwaju upo. Nenda ukauone."

Sikuwahi kumwambia baba "nenda" maishani mwangu. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Baba akaniuliza kura zilipigwaje. Nikamweleza habari za kibuyu, na punje, na kuingia mmoja mmoja. Alinirudisha pale pa kulingana mara mbili.

"Na hakuna aliyejua mwenzake ametia nini?"

"Hakuna."

"Hata mtoto wa chifu?"

"Hata yeye, Baba. Naye alitia punje moja tu, kama wenzake."

Akacheka mpaka akaweka panga chini.

Jumamosi alivuka nami. Kwenye bustani tulimkuta mwalimu, yule mvulana na ami yake, mzee mwenye fimbo ndefu aliyekuwa ameitwa na mwalimu. Wazee wawili wakatembea kutoka mkwajuni hadi mtoni, wakivipaka viatu vyao matope, kila mmoja akionyesha ua wa zamani ulipopita. Walitofautiana hatua tano tu, wakazigawana. Kisha baba akauliza kama samadi ya kambini ina mwenyewe, na yule ami akasema ng'ombe hawajawahi kudai mavi yao.

Tuling'oa ua siku ile ile, darasa zima, hata wale kumi na wawili wa mahindi. Mchana kibuyu cha maziwa mala yaliyoganda kikaja kutoka kambini, naye mama alikuwa ametuma wali na samaki. Mvulana wa Kiorma aliniletea kikombe changu mwenyewe.

"Kunywa, Mheshimiwa," akasema.

Nilikunywa, na ndevu nyeupe zikanibaki juu ya mdomo, na darasa zima likanicheka, na mimi nikacheka nao. Jua lilipopinda ng'ombe walishuka mtoni, mmoja baada ya mwingine, wala hakuna aliyegeuza kichwa kutazama mahindi yetu.