Tochi Juu ya Kofia ya Bandarini

Mume wangu alikuwa kuli bandarini Mtwara, nasi tukiishi Mikindani. Zamu ya asubuhi ilimtoa nyumbani kungali giza, na njia yake ilianza na mteremko mrefu ulioinamiwa na mikorosho. Dainamo ya taa ya baiskeli ilipokufa, duka la ushirika halikuwa nayo. Muuzaji akasema tungoje. Tungoje! Miaka ile hata sabuni tuliingoja.

Bwana yule si wa kungoja. Alichukua kofia ngumu ya kazini, akasema ataifunga tochi juu yake, maana ya kwenye usukani hutetemeka, na shimo unaliona ukishaliingia. "Ya kichwani humulika unakotazama," akanieleza kwa sauti ya mhandisi. Nikakubali. Mara nikamkuta jikoni anachoma msumari kwenye mkaa, ati aitoboe kofia.

"We baba, una wazimu? Ukiitoboa si itapasuka kwa pigo la kwanza?"

Aliuacha msumari, si kwa kunisikiliza, ni kwa kuungua kidole. Akaleta waya wa kufungia mizigo, akauzungusha mara nne na kuukaza kwa koleo hadi tochi ikagoma kutikisika. Akajitazama kwenye kioo. Alijiona meli nzima.

Jirani yetu, fundi cherehani, alikuwa mtani wake: yeye Myao, mume wangu Mmakonde. Kwetu mtani ana kazi yake msibani, na mdomo wake hauna breki hata mbele ya maiti. Aliingia, akaikamata tochi, akaivuta. Kichwa cha mume wangu kikafuata, naye akapiga magoti sakafuni. Fundi akatoa utepe, akaanza kumpima toka utosini.

"Unafanya nini, mshenzi wewe?"

"Napima sanda, mtani. Tawi likinasa hiyo tochi, waya utabaki mzima, shingo ndiyo itakayokatika. Na kukuzika ni juu yangu, afadhali nianze mapema. Ulivyo mrefu, utanimalizia kitambaa!"

Nilicheka hadi nikajishika tumbo, na lilikuwa tumbo la miezi minane. Hapo kicheko kikanikauka. Niliogopa, sifichi. Niliona ninaachwa na mtoto asiyemjua baba yake, kisa tochi. Nikaukata waya mwenyewe. Nikachana tyubu kuukuu ya baiskeli, nikapata mkanda mpana, nikauvika kwenye kofia na kuipachika tochi chini yake: itulie njia ikiwa mbovu, lakini ikivutwa kwa nguvu ichomoke. Fundi akaivuta mara tatu, mara tatu ikachomoka. Mume wangu akanuna, nimemharibia ufundi wake.

Siku ya tatu alirudi kabla hata sijachemsha chai, anasukuma baiskeli, tochi mkononi. Tawi lilikuwa limeinasa katikati ya mteremko, naye akiwa kwenye kasi. Ilichomoka ikaanguka, yeye akapita.

"Ona mpira wenu huo!" akafoka. "Kioo kimevunjika. Betri moja siioni. Nitapata wapi kioo kingine mimi?"

Nilimshika shingo kwa mikono miwili nikaipapasa fupa kwa fupa, huku namtukana na kulia. Yeye akaendelea na kioo chake, kioo, kioo. Ndipo nikahisi shingo ile inatetemeka chini ya vidole vyangu.