Nilivyokimbia na sekisheni ya watu wanane Kampala bila mazoezi ya kutosha, hofu yangu kubwa ikiwa kuwakosesha wote kazi

Wakuu, salamu kwenu nyote mlioko kazini na mlioko kitandani.

Mimi humu ni msomaji wa kimya wa muda mrefu. Leo nami naweka kisa changu. Sitaongeza chumvi, na pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Mnijue kidogo kwanza. Baba yangu alikuwa askari wa Uganda, mama ni mtu wa Bukoba. Shule niliacha kidato cha pili. Ada ilikuwepo, ila kukaa sehemu moja ndiko kulinishinda.

Tangu hapo nimeishi Mwanza, Kigoma, Mbarara, Jinja, na vijiji ambavyo hata nikivitaja hamtavijua. Kila mahali nafanya kazi mbili tatu, najifunza mambo ya watu, halafu naondoka. Sasa hivi niko Kampala, napanga Makindye, na nilikuwa nabeba mizigo soko la Nakasero.

Chumbani nilikuwa naishi na jamaa anaitwa Otim. Baba yake alikuwa polisi, watu wa kaskazini, na yeye amekulia kambini. Kiswahili chake ni kile cha kambini, hakina mapambo. Mimi kwa sababu ya Kiswahili cha upande wa mama yangu alinibatiza jina la Ticha. Mtu wa kidato cha pili, eti Ticha.

Otim na wenzake walikuwa wanatafuta kazi ya ulinzi. Kuna kampuni moja (jina silitaji, msinifuate inbox) ambayo kabla ya kukuchukua lazima ukimbie. Mnatoka Makindye, mnashuka Nsambya, Kibuli, Namuwongo, mpaka Bugolobi, mnapanda mjini hadi Nakasero, halafu mnarudi Makindye. Karibu kilomita ishirini, na Kampala hakuna tambarare.

Sasa sikilizeni sheria yao.

Hukimbii peke yako. Mnapangwa sekisheni ya watu wanane, na lazima wote wanane mpite geti la kampuni pamoja kabla halijafungwa. Akikosekana mmoja, wote saba mliobaki mnarudi nyumbani.

Anayesimamia ni mzee mmoja mstaafu wa jeshi, tunamwita Afande tu. Mtu alimuuliza kwa nini asichukue wenye mbio tu. Akajibu, "Mlinzi akikimbia peke yake, mimi naona ni mwizi."

Siku chache kabla ya mbio, mmoja wa sekisheni yao akateguka kifundo cha mguu kwenye mpira. Otim akaja chumbani, akaketi kwenye ndoo.

"Ticha, wewe nabeba viazi kila siku. Wewe iko na miguu."

Nikasema sawa. Yaani nilisema sawa kabla hajamaliza. Ndivyo nilivyo, kitu nisichokijua kikipita mbele yangu lazima nikifuate.

Hofu ilikuja baadaye, nilipokutana na wenzangu.

Kiongozi wa sekisheni alikuwa dada mmoja anaitwa Auma, mtu wa kaskazini kama Otim, mjane wa askari, mama wa watoto wawili. Anafua nguo kwenye zile flati za Bugolobi. Alikuwa ameshajaribu mara mbili, na mara zote mbili sekisheni yake ilipoteza mtu njiani. Kampuni ina kikomo cha umri, na mwakani yeye anakivuka. Kwa hiyo hii kwake ilikuwa ya mwisho. Otim ndiye aliyeniambia. Auma mwenyewe aliniangalia miguu tu.

"Wewe iko tayari?"

"Niko tayari, dada."

Akaendelea kuniangalia miguu.

Mwingine mnayepaswa kumjua ni Musa. Kwao ni ukoo wa Waswahili wa zamani hapa mjini, wana duka, lakini yeye duka hakulitaka. Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu na mdomo wake ni wembe. Siku ya kwanza tu aliniambia, "Ticha, ukianguka, anguka pembeni. Usitufungie njia."

Mazoezi nilifanya kama mara nne. Siku nyingine mvua, siku nyingine mgongo umechoka na magunia.

Badala yake nilisoma. Simu yangu ilijaa video za kukimbia. Nikajua kuvuta pumzi, kukanyaga, kujificha nyuma ya wenzako upepo usikupige. Nilikuwa najua kila kitu kuhusu kukimbia isipokuwa kukimbia.

Na nikasoma kwamba wakimbiaji hula wanga kwa wingi ili wapate stamina. Basi asubuhi ile, kabla ya kwenda, nikala katogo, zile ndizi zinazopikwa pamoja na matumbo ya ng'ombe. Sahani mbili. Mama wa kibanda akaniuliza, "Ssebo, unakwenda kulima?"

Wakuu, msifanye hivyo. Video haikusema ule usiku uliotangulia au ule ukiwa umeshavaa raba. Au ilisema nikaruka.

Tukaanza. Sekisheni zilikuwa nyingi, kila moja na wimbo wake. Kama umewahi kukimbia mchakamchaka shuleni unajua, mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, miguu inafuata. Mimi nikajiweka nyuma kabisa, kama nilivyosoma.

Kushuka Nsambya nilijiona bingwa. Kibuli nikaanza kusikia zile ndizi. Namuwongo, pale kwenye reli, pumzi ikawa inaingia nusu.

Na hapo kichwa kikaanza kazi yake. Naona mgongo wa Auma pale mbele, naanza kupiga picha: nimelala pembeni ya barabara, hawa saba wamesimama juu yangu. Hakuna anayenitukana. Auma anavua kofia, anarudi kufua nguo za watu mpaka azeeke. Na mimi kesho yake niko Mbale au Arua, nawasimulia watu wapya mambo ya Kampala.

Hicho ndicho kilichonitisha zaidi. Kwamba mimi ndiye ambaye ningeondoka salama.

Tulipofika Bugolobi nilikuwa nyuma yao hatua nyingi. Bodaboda mmoja akanikaribia, akawa anatembea na mimi polepole, anatabasamu.

"Ssebo, tugende? Panda twende, unateseka bure."

Nikampungia mkono apite. Lakini nakiri nilishaanza kupanga. Begi langu dogo, Otim yuko mbioni, kabla hawajafika mimi nimeshapanda basi. Wakuu, nilikuwa nimeshachagua hadi upande wa kukaa.

Ndipo Auma akageuka.

"Ticha! Kuja mbele!"

Nikaona huyu anataka kuniaibisha. Nikamwambia, "Dada, niache huku nyuma, nitafika."

"Huko nyuma mutu nakufa sisi haioni. Mbele!"

Musa akadakia, "Huyu akikaa mbele tutafika kesho."

Auma akasema, "Tutafika kesho watu nane."

Hiki ndicho kitu ambacho hakuna video iliyonifundisha. Otim alinieleza baadaye, kwamba kwao kambini ndivyo walivyokuzwa. Aliyechoka hafichwi nyuma, anawekwa mbele, wote wanakwenda kwa mguu wake. Na yeye ndiye anayeimbisha. Mtu anayeimba hawezi kuhema ovyo, lazima apange pumzi, na wewe uliye nyuma yake unajua hali yake kwa sauti.

Mimi wakati ule sikujua hayo. Nilijua tu kwamba sasa nina hofu mbili. Nikiwa nyuma niliogopa kuanguka, nikiwa mbele naogopa kuwachelewesha mpaka geti lifungwe.

"Imba!" Auma akapiga kelele.

Nikaimba nyimbo za shule, zikaisha. Nikaimba za kanisa, Musa akaitikia kwa nguvu kuliko wote, na yeye ni Mwislamu wa ukoo na ukoo. Nazo zikaisha. Mlima wa Nakasero ulikuwa ndio unaanza, na kichwani hamna kitu.

Nikaanza kuimba miji yangu.

"Nilifika Mwanza!"

Otim, mshenzi yule, akajibu, "Akaondoka!"

Wote wakacheka, wakadaka.

"Nilivua dagaa!" "Akaondoka!" "Nikafika Kigoma!" "Akaondoka!" "Nikapata mchumba!" "AKAONDOKA!"

Tulipita karibu na soko hivyo hivyo. Wapagazi wenzangu wakaniona, mmoja akaweka gunia chini kabisa.

"Banange! Ticha, nani anakufukuza?"

Sekisheni nyingine ikatupita pale, vijana watupu, vifua mbele, wanatucheka. Nikataka kuongeza mwendo. Auma akasema kwa nyuma, taratibu, "Wacha bo naenda. Imba."

Tuliwakuta tena kwenye mnara wa saa. Wawili wamelala kwenye majani, mmoja anatapika, kiongozi wao ameshika kichwa kwa mikono miwili. Hatukuwacheka. Hata Musa aliwapita akitazama lami, na kwa Musa hilo ni jambo.

Basi ikabaki kupanda kwenda nyumbani. Mlima ule wa mwisho sitausimulia sana. Sauti yangu ilikuwa imebaki ya chura. Jua limeshapanda. Naimba vijiji sasa, maana miji imeisha.

Na hapo ndipo nikasikia kitu.

Ukiwa mbele unaimbisha, humwoni mtu. Lakini unasikia. Kwa masafa yote yale nilikuwa nimeshazijua sauti zao, ya Otim nzito, ya Musa inavuta mwisho, ya Auma nyembamba inapita juu ya zote kama filimbi.

Filimbi haikuwepo.

Nikaimba tena nihakikishe. "Nikafika Masaka!" Wakaitikia. Haikuwepo.

Nikageuka. Alikuwa nyuma, mbali, mguu mmoja umekakamaa anauburuta, uso umegeuka jivu. Na hakuwa amemwita mtu.

Sijui kama mmewahi kuogopa mpaka mikono ikawa baridi juani. Kule nyuma kote nilijiogopa mimi. Sikuwa nimewaza kwamba anaweza kuwa yeye.

"Dada Auma! Mbele!"

"Mimi iko sawa. Nyinyi enda."

"Huko nyuma hatukuoni. Mbele!"

Otim akasema maneno kwa lugha yao, makali kidogo, sikuyaelewa. Tukapunguza mwendo, akaja, nikampa nafasi pembeni yangu. Sheria yao hairuhusu kumbeba wala kumshika. Kwa hiyo tukawa tunakwenda kwa mguu wake ule mbovu, watu wanane, kama msafara wa harusi, na geti naanza kuliona juu.

Alikataa kuimba. Nikamuuliza watoto wako wanaitwaje.

"Wewe nauliza watoto sasa?"

"Sema."

Akasema la kwanza, sisi tukaliitikia. Akasema la pili, tukaliitikia. Majina mawili tu, akayarudia, tukayarudia, mlima wote uliobaki. Majirani walitoka nje kuangalia kuna nini.

Afande alikuwa ameshalishika geti. Namwona analivuta.

Musa akapaza sauti, "Afande, ngoja! Tuko na mama hapa!"

"Mimi haina mama hapa!" Afande akajibu. "Mimi nahesabu!"

Lakini, wakuu, mimi nilikuwa mbele nikaona. Mkono wake ulikuwa umesimama.

Akatuhesabu kwa kidole tukipita. Auma akiwa wa kwanza, mimi wa mwisho, maana niliogopa kumwacha mtu nje. Aliposema "nane" bati la geti likanigonga kisigino.

Nililala chini. Otim akalala juu yangu. Musa alikuwa analia, na akaniambia nikisema nitakiona, basi na iwe.

Auma hakulala. Alinawa uso bombani, akajipiga mguu mara mbili kwa ngumi, halafu akamuuliza Afande kama tunaruhusiwa kuondoka. Afande akashangaa, unakimbilia wapi tena?

"Nguo ya watu nimeloweka Bugolobi. Itanuka."

Hivyo ndivyo tulivyopata kazi, wote wanane.

Niliyojifunza? Kama huna mazoezi ya kutosha, usijifiche. Sema mapema umechoka, kaa mahali wenzako wanakuona na kukusikia. Na ukiwa mbele, usisikilize pumzi yako tu. Kuhusu katogo nimeshasema.

Sijui kama hilo lina maana kwa anayekimbia kwa ajili ya medali. Hao waje watufundishe.

Sasa mimi nina tatizo jingine, na ndilo hasa limenifanya nifungue uzi huu. Kazi yenyewe ni kusimama. Nimepangiwa geti moja la watu wakubwa, nasimama tangu asubuhi mpaka jioni, natazama ukuta wa jirani. Miguu inawasha. Kila basi likipiga honi kule barabarani nasikia jina la mji.

Auma ndiye anayekuja kutukagua. Akifika ananiangalia miguu kwanza, halafu uso.

Bado nipo.

Mliowahi kufanya kazi ya kukaa sehemu moja, shusheni mbinu zenu hapa chini. Nazisoma zote, muda ninao.